Wakikuuliza Unataka Mshahara Kiasi Gani

Wasomaji wangu, barua za safari hii karibu zote zimegusa pesa, na hasa ile dakika ambayo mwajiri anataja au anakutaka utaje mshahara. Nimechagua tano. Nimezifupisha na kuondoa majina ya watu na ya makampuni, maana baadhi yenu bado mko kwenye usaili na sitaki mtu akose kazi kwa sababu ya safu hii.

Nilijibu "chochote mtakachoona kinafaa"

*Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Mbagala. Ni mhasibu msaidizi kwenye kampuni ya malori Kurasini, nalipwa laki tisa kabla ya makato, na nina deni la Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu. Niliomba nafasi ya mhasibu kwenye kampuni moja Mikocheni. Wiki iliyopita dada wa HR alinipigia simu nikiwa kwenye daladala, akaniuliza maswali mawili matatu, kisha akasema: "Na mshahara unategemea kiasi gani?" Nilishtuka, nikajibu, "Chochote mtakachoona kinafaa." Sasa wameniita usaili. Kaka yangu anasema nitaje mara mbili ya ninachopata, wao watashusha. Mama anasema nisiguse habari za hela, nitaonekana nina tamaa. Nifanyeje? Na nitaje kiasi gani hasa?*

Marahaba mwanangu. Hongera kwa kuitwa, wengi walioomba nafasi hiyo hawakuitwa.

Nimefanya kazi kwenye ofisi za rasilimali watu kwa miaka mingi, kiwandani kwanza na baadaye kwenye usafirishaji, na simu za namna hiyo nimezipiga mwenyewe. Dada aliyekupigia alikuwa na orodha ya majina mbele yake, na meneja wa fedha alikuwa ameshamwambia nafasi hiyo imetengewa kutoka kiasi gani hadi kiasi gani. Kazi yake siku ile ilikuwa kupunguza majina. Anayetaja pesa inayopita bajeti kwa mbali anakatwa, kwa sababu hakuna haja ya kumsafirisha kutoka Mbagala hadi Mikocheni bure. Anayesema "chochote" anabaki kwenye orodha, lakini pembeni ya jina lake huandikwa kwamba huyu atakubali kiwango cha chini. Kwa hiyo nafasi hujaipoteza. Ulichofanya ni kuwaruhusu waanzie chini, na hilo bado lina muda wa kurekebishwa.

Kwanza, simu kama hiyo ikikukuta tena kwenye daladala, omba umpigie baadaye. "Dada, niko barabarani na kuna kelele, naomba nikupigie saa saba mchana." Sijawahi kumkata mtu kwa kuniambia hivyo. Muda huo unakutosha kutulia na kufikiri.

Pili, ukirudi kwenye simu, anza kwa kumrudishia swali kwa heshima: "Ningependa kwanza kuyaelewa majukumu vizuri ndipo nitaje kiasi. Kama inawezekana, nafasi hii imetengewa kiwango gani?" Wapo watakaokutajia, na ukishajua kiwango chao umepata taarifa kubwa kuliko zote. Asipokutajia akaendelea kukubana, usizungushe mara ya tatu, utamchosha. Taja kiwango chenye chini na juu. Lakini nakuomba ushike hili: ukisema "kati ya milioni moja na milioni moja na laki tatu", yeye amesikia milioni moja. Kiasi chako cha chini kiwe ni pesa ambayo ukipewa utasaini bila manung'uniko.

Tuje kwenye usaili wenyewe. Nguvu ya kujadili mshahara huwa nayo kwa kipindi kifupi tu: tangu siku wanapoamua kwamba wanakutaka wewe hadi siku unaposaini. Kabla ya hapo una wapinzani, na ukianza kudai ni rahisi kumchukua mwingine. Ukishasaini, utaambiwa usubiri bajeti ya mwaka kesho. Kwa hiyo kwenye usaili usianzishe habari ya mshahara. Wakufahamu kwanza. Wajue unavyofunga hesabu za mwezi, unavyofuatilia wadeni, unavyoandaa ritani za VAT. Wakikuuliza "Una swali lolote?", uliza juu ya kazi: nani atakuwa bosi wako, mtu aliyekuwa kwenye kiti hicho ameenda wapi, hesabu zinafungwa tarehe ngapi. Wakiuliza mshahara wenyewe, jibu moja kwa moja bila kucheka na bila kuomba radhi. Kama usaili utakuwa kwa Kiingereza, kama ulivyo kwenye makampuni mengi ya mjini, iandae sentensi hiyo kwa Kiingereza nyumbani na uitamke kwa sauti mbele ya mdogo wako mpaka izoeleke mdomoni.

Sasa kiasi. Hapa naomba uchukue kalamu, kwa sababu ndipo ninapoona vijana wanaumia zaidi. Watu wanafikiri kwa pesa ya mkononi, waajiri wanaongea pesa ya kabla ya makato, na kila upande unadhani wameelewana.

Kwa sasa unalipwa 900,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inakatwa asilimia 10, yaani 90,000, na mwajiri wako anachangia kiasi kama hicho juu yake. Inabaki 810,000, na hiyo ndiyo inayokatwa kodi. Kwa viwango vya TRA vilivyoanza Julai 2021, mwenye 810,000 analipa 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kile kinachozidi 760,000, jumla 80,500. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kama laki tisa yote imeandikwa kuwa mshahara wa msingi, hiyo ni 135,000. Mkononi inakufikia 594,500. Naamini hiyo ndiyo namba unayoiona kwenye simu benki wanapokutumia ujumbe.

Tuseme wamekupa 1,200,000. NSSF 120,000. Kinachobaki ni 1,080,000, na kwa kuwa kimevuka milioni moja, kodi ni 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi, jumla 152,000. Bodi 180,000. Mkononi 748,000. Umeongezewa laki tatu kwenye karatasi, lakini mfukoni umeongezewa 153,500. Na ukishapanda huko juu, kila laki moja unayoongezewa inakufikia ikiwa elfu 48: elfu 10 imekwenda NSSF, elfu 27 kodi, elfu 15 Bodi.

Kwa nini nakuchosha na hesabu mhasibu mzima? Kwa sababu umeniuliza utaje kiasi gani, na jibu linaanzia kwenye maisha yako. Kutoka Mbagala kwenda Mikocheni ni mbali kuliko Kurasini, nauli itapanda na utatoka nyumbani mapema zaidi. Huenda utataka kuhama, na wenye nyumba wengi wa Dar wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kama unaona kazi hii haina maana mpaka mkononi iongezeke laki mbili, basi mshahara unaoutafuta ni 1,300,000, ambao kwa hesabu hiyo hiyo utakuachia 796,000. Kiweke hicho kuwa kiasi chako cha chini. Cha juu kiweke kwenye 1,500,000 kama soko linaruhusu.

Soko utalijuaje? Usimuulize mtu "Wewe unalipwa ngapi?", watu wetu hawapendi swali hilo na watakudanganya. Muulize, "Mhasibu wa miaka minne au mitano kazini, kwenye kampuni ya ukubwa huu, analipwa kati ya ngapi na ngapi hapa Dar?" Waulize watatu au wanne uliosoma nao, muulize na mkaguzi wa nje anayekuja kukagua hesabu zenu, maana hao huiona mishahara ya makampuni mengi. Na kama umeshaanza mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, taja umefika hatua gani. Hiyo ina bei.

Kaka yako anakupenda, lakini mara mbili ya mshahara wako bila sababu ya kuitetea itakufuta kwenye orodha. Ukiulizwa "kwa nini 1,800,000?" ukajibu "ndivyo ninavyotaka", mazungumzo yameishia hapo. Kila kiasi unachotaja kiwe na maelezo: majukumu ya kazi mpya ni mapana kuliko ya sasa, umekuwa ukifunga hesabu peke yako, soko liko hivi.

Mama naye namheshimu, na najua anatoka wapi. Tumelelewa kwamba mtoto mwenye adabu haulizi atapewa nini. Lakini nimeona kwenye mafaili, mwaka baada ya mwaka, mabinti wazuri wa kazi walioingia kwa mshahara mdogo kwa sababu waliona haya, wakabaki nyuma ya wavulana waliofanya kazi ileile mezani pembeni yao. Nyongeza za kila mwaka huja kwa asilimia. Asilimia 5 ya laki tisa ni 45,000, ya milioni moja na laki tatu ni 65,000, na pengo hilo linakua kila Julai. Mchango wako wa NSSF nao unafuata mshahara huo huo, kwa hiyo hata mafao ya uzeeni yanapungua. Mwambie mama kwamba hukuonyesha tamaa. Uliulizwa swali la kazi, ukajibu.

Na lile jibu la "chochote", likiibuka kwenye usaili, sema: "Siku ile nilikuwa sijaelewa majukumu. Sasa nimeyaelewa, na kwa kazi hii nategemea kati ya milioni moja na laki tatu na milioni moja na nusu, kabla ya makato." Maneno hayo matatu ya mwisho usiyasahau.

Wanataka slipu ya mshahara wa zamani

*Habari za kazi dada. Mimi ni fundi wa majokofu Arusha, nafunga na kutengeneza vyumba vya baridi kwenye mashamba ya maua na mboga. Nalipwa 650,000. Kampuni nyingine imenihoji mara mbili, wamenipenda, na niliwaambia nataka milioni moja. Sasa wanataka slipu ya mshahara ya miezi mitatu. Rafiki yangu ana mtu wa duka la steshenari anayeweza kunitengenezea slipu ya laki tisa. Nikipeleka ya kweli watanipa laki saba. Nishauri.*

Kaka, usimguse huyo mtu wa steshenari. Nakuambia kwa moyo wote, na sababu yangu ni ya kiutendaji kabisa. Slipu ya kughushi mara nyingi hugunduliwa na hesabu yake yenyewe. Anayetengeneza hubadilisha mshahara wa kabla ya makato na wa mkononi, akasahau kwamba kodi na NSSF lazima vioane na mshahara huo. Mtu anayeandaa malipo ya mishahara kila mwezi akiiangalia slipu ya laki tisa yenye kodi isiyokuwa 80,500, na hakuna posho wala makato mengine ya kueleza tofauti hiyo, anajua ndani ya dakika moja. Nimeshika karatasi za hivyo mikononi mwangu. Wenye nazo walikuwa mafundi hodari, na wote walikosa kazi siku hiyohiyo, kwa sababu hakuna mwajiri anayetaka kumkabidhi stoo ya gesi na vipuri mtu aliyemletea karatasi ya uongo. Hata ikipita, michango yako NSSF inaonyesha ulikuwa unalipwa kiasi gani. Uongo huo unaweza kufumuka mwaka wa pili ukiwa umeshachukua mkopo wa kiwanja.

Una njia mbili za halali. Ya kwanza ni kukataa kwa adabu: "Mshahara wa mwajiri wangu wa sasa naomba niutunze kama siri ya ofisi yake. Ninachoweza kuwaeleza ni kiasi ninachotegemea kwa kazi hii na sababu zake." Makampuni mengine yatakubali, mengine yatasema ni utaratibu wao na bila slipu hawaendelei. Hapo inakuja njia ya pili, ambayo mimi kwa fundi kama wewe naipenda zaidi: peleka slipu ya kweli, ukiambatanisha maelezo yako.

Waambie: "Nalipwa 650,000 kwa sababu niliingia nikiwa fundi msaidizi, na nyongeza zimekuja kidogo kidogo. Leo naitwa usiku chumba cha baridi kikizima na maua yako ndani. Kazi mnayonipa ni ya kusimamia mafundi wengine na kuwa kwenye zamu ya simu wikiendi. Ndiyo maana nimesema milioni moja." Mwajiri anayeelewa hasara ya maua ya kontena zima kuharibika kwa usiku mmoja atakusikiliza. Orodhesha mitambo unayoiweza na vyeti vyako, VETA na vinginevyo. Na kwa kuwa umetaja wikiendi na usiku, uliza saa za ziada zinalipwaje. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zinazozidi hapo zinalipwa mara moja na nusu, na kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa, kwa kila saa ya usiku. Fundi anayeitwa usiku anaweza kupata pesa ya maana hapo, kama limeongelewa mapema.

Wakishikilia laki saba baada ya yote hayo, usiondoke ulipo kwa hasira wala kwa aibu. Elfu 50 kabla ya makato haitoshi kuacha mahali wanapokujua.

"Mambo ya mshahara tutaongea ukishaanza"

*Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Moshi. Nimefanya usaili kwenye shule binafsi, nimefundisha somo la majaribio, mkurugenzi amenisifu sana na kuniambia nije tarehe 5 na mabegi yangu, nyumba ipo. Nilipouliza mshahara akasema, "Mwalimu, wewe anza, hayo tutaongea, hapa sisi ni familia." Naogopa nikiuliza tena ataona simwamini.*

Marahaba mwalimu. Usiende na mabegi kabla hujapata karatasi.

Huenda mkurugenzi ni mtu mwema kabisa, na hilo halibadilishi chochote. Sheria ileile niliyoitaja, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe maelezo ya maandishi unapoanza kazi: kazi yenyewe ni ipi, unafanyia wapi, mkataba ni wa muda gani, saa za kazi, mshahara na jinsi unavyokokotolewa, na marupurupu mengine yote. Hiyo nyumba nayo ni sehemu ya maelezo hayo. Ukishahama, ukaachia chumba chako Moshi, ukajulikana na watoto, utakubali chochote atakachotaja kwa sababu kurudi nyuma kuna gharama. Ndiyo maana mazungumzo haya ni ya sasa.

Mtumie ujumbe, mfupi na wa heshima: "Mkurugenzi, nashukuru kwa imani yako, na niko tayari kuanza tarehe 5. Ili nijipange na familia yangu, naomba barua ya ajira inayoonyesha mshahara, muda wa mkataba na masharti ya nyumba." Hakuna neno hapo la kumkosea mtu mzima. Akikasirika kwa ujumbe kama huo, amekuonyesha mwezi wa tatu utakuwaje utakapofuata mshahara uliochelewa.

Kwa shule binafsi kuna maswali ya kwenu ambayo mhasibu wa Mikocheni hana haja nayo. Je, Desemba na Juni mnalipwa, au mshahara unasimama shule zikifungwa? Kulipwa miezi kumi na kulipwa kumi na miwili ni tofauti kubwa, hata kama kiasi cha mwezi ni kilekile. Masomo ya jioni na Jumamosi ya darasa la saba yana malipo yake? Chakula cha mchana kinakatwa? Mtoto wako akisoma hapo, ada inapunguzwa kiasi gani? Shule ambayo haiwezi kukupandishia mshahara mara nyingi inaweza kukupunguzia ada, na hilo liandikwe. Uliza pia kama wanachangia NSSF. Shule nzuri itakujibu bila kusita.

Akisema utaanza na kiasi kidogo cha kipindi cha majaribio na utapandishiwa baadaye, taka barua itaje miezi mingapi na kiasi gani baada ya hapo. Majaribio kisheria yasizidi miezi 12, na aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana ile kinga ya kudai kwamba ameachishwa isivyo halali. Kwa hiyo ahadi ya mdomo ndani ya kipindi hicho ni nyepesi mno kuiegemea.

Usaili wa Utumishi

*Nimeitwa kwenye usaili na Sekretarieti ya Ajira, Dodoma, nafasi ya afisa daraja la II. Nikiulizwa mshahara nitaje ngapi?*

Hutaulizwa, na usilete habari hiyo. Serikalini mshahara unafuata ngazi, na tangazo uliloliomba lilikuwa limeandika ngazi hiyo, TGS fulani. Paneli haina mamlaka ya kukuongezea hata shilingi. Kinachoongeleka kwa nafasi hizo ni baada ya kupangiwa kituo: kama ulishawahi kuwa mtumishi wa umma, ulizia utaratibu wa kuhamisha mshahara wako binafsi, yaani kuendelea kulipwa ule uliokuwa nao. Nguvu zako zipeleke kwenye mtihani wa mchujo, na kariri majukumu ya nafasi hiyo kama yalivyoandikwa kwenye tangazo.

Ofa imekuja chini ya tulichoongea

*Dada, mimi ni msimamizi wa ghala, Ubungo, nina mke na watoto wanne. Nilihojiwa na kampuni ya usambazaji, nikasema nataka 1,700,000, hawakusema kitu. Leo wameniletea barua ya ofa, 1,400,000, nijibu kabla ya Ijumaa. Ninapofanya kazi sasa napata 1,150,000. Nikidai zaidi si watanifuta? Na nikubali halafu niache kazi lini?*

Huyu nilimjibu kwa simu siku ileile kwa sababu Ijumaa ilikuwa inamjia. Nayaweka hapa niliyomwambia, maana swali la "watanifuta?" naulizwa kuliko jingine lolote.

Barua ya ofa ikishatoka, wenzako wameshaambiwa wasubiri au wameshaachwa. Ofisi imetumia wiki nyingi kukupata na meneja wa ghala anataka mtu aanze. Mwajiri kufuta ofa kwa sababu mtu ameomba mara moja, kwa adabu, mimi sijaiona kwa macho yangu. Nilichoona ni ofa kufutwa kwa sababu mtu aliomba, akaongezewa, akarudi tena, akaongezewa, akarudi mara ya tatu na barua ya kampuni nyingine. Kwa hiyo omba mara moja, na uweke yote mezani kwa pamoja.

Piga simu kwanza, kisha thibitisha kwa barua pepe. Nilimwambia aseme hivi: "Nashukuru sana kwa ofa, na kazi hii naitaka. Nilikuwa nimetegemea milioni moja na laki saba kwa sababu ghala lenu lina zamu mbili na nitasimamia watu wa zamu zote. Je, kuna nafasi ya kusogea?" Kisha anyamaze. Kimya hicho ni kigumu, wengi wanakijaza kwa kujishusha wenyewe: "lakini hata milioni moja na laki nne si mbaya." Asikijaze. Amwache mwenzake afikiri.

Wakisema mshahara umefika mwisho, yapo mengine ya kuomba kwa pumzi hiyohiyo. Kwa mtu mwenye watoto wanne la kwanza ni bima ya afya ya familia nzima. Hesabu yake: kati ya 1,400,000 na 1,500,000, yeye asiye na deni la Bodi anaongezewa 63,000 tu mkononi, kutoka 1,054,000 hadi 1,117,000. Bima ambayo mwajiri anawalipia wafanyakazi wote bila ubaguzi, kwa mfanyakazi, mwenza wake na watoto hadi wanne, haihesabiwi kwenye mapato ya kukatwa kodi. Faida yake inamfikia yote. Mtoto mmoja akilazwa siku tatu, ile 63,000 haionekani tena. La pili ni usafiri wa zamu ya usiku. La tatu ni mshahara kuangaliwa upya baada ya miezi sita, na tarehe iandikwe kwenye barua.

Kuhusu kuacha kazi: usimpe bosi wako barua mpaka ofa mpya imesainiwa na pande zote mbili na nakala iko nyumbani kwako. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi isiyopungua siku 28, kwa hiyo waambie wapya tangu mwanzo kwamba utaanza baada ya muda huo. Mwajiri anayekubana uache kazi kesho asubuhi atakubana na mengine.

Jumatatu alinitumia ujumbe. Wamempa 1,500,000, bima ya watu sita, na aya inayosema mshahara utaangaliwa mwezi wa saba wa ajira. Akaniuliza kama awaambie wenzake wa ghala la zamani kiasi alichopata. Nilimjibu kwamba yule kijana anayemwachia kiti chake amwambie, tena amtajie na ya kabla ya makato na ya mkononi, kwa sababu wiki ijayo ataitwa ofisini na kuulizwa anategemea kiasi gani.